Kukana Kosa Mbele ya Hakimu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya hayo, jua ewe ndugu msomaji: Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, yampa dereva aliyeandikiwa kosa njia mbili: akiri alipe faini, au akane aende mahakamani.

Chukua mfano wa dereva atokaye Katumba Songwe kwenda Kyela, kaandikiwa kwamba amepita kilomita 50 kwa saa penye makazi. Ikiwa hakukosa, kukana kwake si ukaidi, ni haki yake. Na mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Wala asikiri lisilokuwa ili asipotewe na siku yake, kwani huo nao ni uwongo.

Na ikiwa yuajua nafsini mwake kuwa alipita, akakana kwa kutumaini kuwa askari hatahudhuria, hakimu akamwachia? Hapa ndipo penye mtihani. Imamu Shafi'i, Mungu amrehemu, ameshika kuwa hukumu ya kadhi hupita kwa dhahiri, wala haihalalishi iliyo haramu kwa batini. Kunyamaza akamngoja mdai athibitishe si uwongo; kusema "sikupita" ndio uwongo. Faini imemwondokea, lakini haki ya mtoto avukaye njia ingali shingoni mwake.

Wallahu aalam.