Mlinzi Asiye na wa Kumzuia

Yajulikana ya kwamba katika damu ya binadamu zimo chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuulinda mwili na maradhi. Wengi wetu twadhani kuwa kila zikizidi ukali ndipo mwili uzidipo kuwa salama. Dhana hii si sawa, nayo yatuhusu hata katika mwenendo wetu.

Miongoni mwa chembe hizo zimo ambazo hazikuwekwa kupigana, bali kuzizuia nyingine zisipigane pasipo haja. Mtaalamu wa Kijapani, Shimon Sakaguchi, alizibainisha mwaka 1995. Ilikwisha onekana kuwa panya wachanga wakitolewa tezi ya thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, ulinzi wao wenyewe huwageukia. Na wakitiwa chembe za panya wazima, husalimika. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walieleza kasoro ya jeni iitwayo Foxp3, nayo baadaye ikathibitika kuwa ndiyo iongozayo chembe hizo zizuiazo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Watoto wa kiume wazaliwao na kasoro hiyo hupatwa na kisukari, kuharisha kusikokoma na maradhi ya ngozi tangu uchangani. Wasipotibiwa, wengi wao hufa wangali wadogo. Tazameni basi: adui wa nje hakuwavamia. Aliyewaangamiza ni mlinzi wao, aliyekosa wa kumwambia, "Basi, yatosha."

Huenda mtu akasema: ikiwa ni hivyo, kuzuia ni kwema daima. La, hasha! Uvimbe wa saratani nao huzivuta chembe zizi hizi zikauzunguka, zikawazuia walinzi wasiuguse. Kizuizi kiokoacho kiungo kizima ndicho hicho kimhifadhicho muuaji.

Kwa hivyo ukali peke yake si wema, wala upole peke yake si wema. Mtu amkemeaye kijana wa watu sokoni kwa kosa dogo, hata akamvunjia uso, hujiona ni mlinzi wa adabu. Kumbe ajeruhi kiungo cha mji wake. Na mzee asemaye, "Nyamazeni, msiitie nyumba aibu," hali mali ya mayatima yaliwa, hujiona ni mwenye busara. Kumbe amewekea saratani ukuta.

Yatupasa sote, kila tutakapo kumzuia mtu asiseme, tujiulize swali moja: ni nani atakayesalimika kwa kunyamaza huku? Akiwa ni mnyonge aliyeteleza, na tumzuie msemaji kwa nguvu zetu zote. Akiwa ni yule alaye haki ya mnyonge, basi kizuizi chetu kimekuwa silaha mkononi mwake, na dhambi ya ulaji wake tumeshirikiana naye.