Gari Lililobadilishiwa Vipuri

Magari aliyotumia Mwalimu Nyerere yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na mpenzi wa magari huyasogelea kwa heshima, kama masalia ya zama zilizopita. Corolla kuukuu ya teksi inayopita mtaa wa Jabe, iliyokwisha kubadilishiwa injini, gia hata milango, haipewi heshima hiyo. Naona tunaidhulumu. Mwandishi wa kale Plutarch alisimulia mjadala wa wanafalsafa kuhusu merikebu ya shujaa Theseus iliyobadilishiwa mbao zake: je, ilibaki ileile? Wapo wanaoshikilia kwamba asili ikiondoka, kitu chenyewe kimeondoka. Lakini gari liliundwa litembee, na kila fundi aliyefunga kipuri kipya aliunganisha safari ya jana na ya leo bila kuikata. Ni kweli, bila chuma cha kwanza tusingejua waundaji walifanyaje kazi, na kwa hilo makumbusho yanastahili fedha zetu. Hayo ni maarifa juu ya gari. Kudumu kwake ni suala jingine.