JE, MTOTO HASIKII AU HATII?



Katika lugha yetu neno "kusikia" lina maana mbili: kupokea sauti kwa masikio, na kutii. Ndiyo maana mzazi husema, "Mtoto huyu hasikii," na mkono wake huwa umekwisha kuifikia fimbo kabla hajajiuliza ni kusikia kupi kunakopungua. Methali hutuonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini kama neno la mkuu halikumfikia mtoto, kosa lake ni lipi? Mtu hatendi dhambi ila kwa kujua na kutaka. Basi ampigaye mtoto kwa neno asilolisikia amemwadhibu asiye na hatia.

Huku Ushirombo Injili imehubiriwa tangu mwaka 1891, na Mtume Paulo afundisha kwamba imani huja kwa kusikia. Je, mtoto kiziwi amefungiwa mlango? Hasha! Someni Marko, sura ya saba. Bwana wetu alimtenga kiziwi na makutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, ndipo akanena. Alianza na ishara ambayo yule mtu aliweza kuifahamu.

Mzazi na afuate njia hiyo. Kwanza, ampeleke mtoto hospitali. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu sehemu 60 katika 100 za uziwi wa watoto zaweza kuzuilika. Wapo wanaofaa kupewa vifaa vya kusaidia masikio. Na tangu mwaka 2017 Muhimbili hupandikiza vifaa hivyo kwa upasuaji. Lakini chombo huleta sauti tu. Maana ya sauti hufundishwa nyumbani, na mwalimu wake mkuu ni mchezo.

Mama na aketi na mtoto mahali palipo kimya. Mtoto ashike punje ya hindi. Mama apige debe, naye asikiapo aitumbukize punje kibuyuni. Mwanzoni apige mbele ya macho yake. Akishazoea, apige nyuma ya mgongo, kisha polepole zaidi, kisha kwa mbali. Siku nyingine watafute pamoja mbuzi analilia wapi, au mtoto aitwe jina lake naye ageuke. Akikosa, asikaripiwe: mama asogee karibu. Akipata, ashangiliwe.

Baba atasema, "Mimi nina shamba, nina shimo la dhahabu; michezo ni ya watoto." Ndugu yangu, dhahabu hutafutwa kwa kuchimba tani za mawe, wala hakuna anayeona haya kwa taabu hiyo. Je, mwanao hastahili robo saa ya jioni? Hiyo si hisani. Ni haki yake.

Lakini tujihadhari tusigeuze mchezo kuwa mtihani wa kupimia thamani ya mtoto. Wapo ambao hawatasikia kamwe, hata tujitahidi vipi. Hao wana lugha ya alama, nayo si aibu. Wazazi wao na wajifunze. Kanisa lilifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, kwa kuwa lilijua kwamba asiyesikia naye ana roho, ana akili, na ana jambo la kutuambia.

Basi leo jioni, kabla hatujasema tena "hasikii," tuketi chini pamoja naye, na punje kumi za mahindi mkononi.