Nani Ameua?

Wako watu wema waonao haya kukiri kwamba hupenda hadithi za mauaji. Huzisoma usiku, kisha hujiuliza: Je, ni halali mtu kujiburudisha kwa habari za maiti? Swali hili halifai kupuuzwa, hasa kwetu sisi tukaao pande za Segese, ambako mauaji hayakukaa vitabuni tu.

Tutwae mfano mmoja. Mwaka 1960 kilipigwa chapa kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichokuwa kimeshinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni, mahali pa kale penye kutia hofu. Msomaji wa Usukuma, ajuaye jinsi majabali na vichaka vyetu vinavyobadilika sura jua likishatua, hupaelewa mara moja. Lakini mpelelezi, Bwana Msa mwenye kiko chake, hairidhii hofu hiyo. Yeye hutafuta mkono wa mtu.

Hadithi za namna hii zina faida isiyoonekana upesi. Mtungaji hutuwekea watu kadhaa, nasi twawashuku mmoja baada ya mwingine: huyu kwa ukali wake, yule kwa ukimya wake. Mwishowe karibu wote hutoka safi. Msomaji mwaminifu akifunga kitabu, hukiri kwamba kwa jioni moja amewahukumu moyoni watu wasio na hatia. Kitabuni kosa hilo halimdhuru mtu. Je, na nje ya kitabu?

Jibu twalijua. Mtoto akifa, au ng'ombe wakipukutika, wako waulizao swali lile lile: Nani ameua? Lakini hawachunguzi. Humwendea mpiga ramli, naye huwatajia jirani. Vikongwe wa Usukuma wamekatwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, hali wekundu ule umeletwa na moshi wa kuni na samadi waliopikia watoto wao miaka yote. Ushirikina huo huo uliwaletea mauti watu wenye ualbino. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Ni vyema, walakini hakuna askari awezaye kulinda mlango wa moyo usiingiwe na dhana mbaya.

Basi tofauti ni hii: mpelelezi humaliza kwa jina, baada ya kupima ushahidi, mpiga ramli huanza kwa jina, na baada ya hapo ushahidi hautakiwi tena.

Hata hivyo yatupasa kuwa waangalifu. Kitabu huahidi kwamba kila kifo kina mwuaji, na kwamba atajulikana kabla ya ukurasa wa mwisho. Maisha hayatoi ahadi hiyo. Malaria haina adui wa kushtakiwa, na duara la dhahabu laweza kuporomoka bila ya kulogwa na mtu. Mara nyingine jibu la haki kwa swali "Nani?" ni "Hakuna." Jibu hilo ni chungu kwa mfiwa, maana lamwacha na huzuni yake bila mtu wa kumkasirikia. Lakini ni afadhali kubeba uchungu huo kuliko kumtwika bibi wa jirani.

Kwa hiyo asomaye hadithi za mauaji asione haya, mradi ajifunze subira ya mpelelezi, wala asikichukue kiu cha kumpata mwuaji hadi matangani. Siku jina la mama mzee litakaponong'onwa karibu nasi, tumwulize mnong'onaji kwa sauti, mbele za watu: Wewe mwenyewe uliona nini? Huenda swali hilo moja likamfanya bibi yule aamke salama kesho.