Jumanne: Kutu Haitolewi kwa Nyundo

Soma Mathayo 4:21 na Wagalatia 6:1.

Fundi mmoja wa Musoma alinunua jiliwa kuukuu kwa muuza vyuma chakavu wa Bunda. Kutu ilikuwa imelishika. Mkono wake haukuzunguka hata kidogo. Mwanafunzi wa fundi akainua nyundo, fundi akamzuia. Chuma cha kumiminwa ni kigumu, lakini kikipigwa hupasuka, na ufa wake ni shida kuunga. Akatia mafuta ya taa kwenye parafujo, akaliacha. Kesho yake akatia tena. Siku ya nne mkono ukasogea robo mzunguko. Brashi ya waya na grisi zilikuja baadaye.

Neno la Kiyunani alilotumia Paulo kwa kumrejesha ndugu aliyeanguka ndilo alilotumia Mathayo kwa wana wa Zebedayo walipotengeneza nyavu zao. Wavuvi wa Musoma wanaijua kazi hiyo: ni ya vidole, tundu baada ya tundu. Kura ya kumwondoa mshiriki huchukua dakika chache tu.

Je, ni nani aliyeondolewa katika kitabu cha kanisa lenu na hajatembelewa tangu siku ile? Kama amehamia Butiama, nani atamfuata, na atakwenda mara ngapi?