PAMBO LA USO NA HAKI YA USINGIZI

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu la hapa Kangemi tuliletewa suali juu ya kipande cha karatasi iliyokunjwa, na mwenye kuliandika hakutaka litajwe jina lake. Ni dada yetu, mwenye mume na watoto, na kazi yake ni ya nyumbani katika majumba makubwa ya mtaa wa Loresho tunaopakana nao. Huamka saa kumi za usiku, akateka maji, akapika, akawatayarisha watoto kwa skuli, kisha akashika njia kwa miguu kabla jua halijachomoza. Hurudi saa moja ya jioni, na kazi za nyumba yake zimemngoja pale pale alipoziacha. Aliuliza mambo matatu. La kwanza, je, yafaa apake poda chini ya macho ili bibi mwenye nyumba asimwambie kila siku kuwa ana uso wa mgonjwa? La pili, je, yafaa atumie mafuta anayouziwa na jirani yake, ambayo kwa wiki mbili tu humfanya mtu awe na uso unaong'ara kama wa aliyelala usiku kucha? Na la tatu alilitia mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: je, ana dhambi mke ambaye mumewe amtaka awe na uso mkunjufu, naye hajapata usingizi?

Tulimjibu kwa ufupi siku ile. Leo twataka kulieleza jambo hili kwa urefu, kwani ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wanaosoma karatasi hii wanalo kama tulivyo nalo sisi, huenda na zaidi.

Tuanze na pambo lenyewe. Wako watu wanaodhani kuwa mwanamke mcha Mungu ni yule mwenye nywele zisizochanwa na nguo iliyochakaa. Hiyo si dini. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amewauliza kwa kuwakemea wale wanaojiharamishia pambo alilowatolea waja wake. Na sahaba mmoja alipouliza kama ni kiburi mtu kupenda nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, Mtume (s.a.w.) alimjulisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mama zetu wa pwani waliyajua haya. Walisaga liwa wakapaka usoni, wakatengeneza singo kwa karafuu na mawaridi, wakatia hina, wakajifukiza udi, wakavaa asumini nywelani. Yote hayo waliyafanya nyumbani kwao, kwa ajili ya waume zao na kwa raha ya nafsi zao, si kwa ajili ya barabara.

Basi poda ya kuficha uchovu, ikiwa safi na ya kadiri, si ya kumvutia macho kila apitaye njiani, hatuoni ubaya wake. Wala si udanganyifu, kama alivyoogopa dada yetu. Udanganyifu ni kumficha mchumba ugonjwa au kasoro ambayo lau angeijua asingeoa. Bibi mwenye nyumba hamnunui mtumishi wake. Amemwajiri kwa kazi, na kazi anaipata. Ila lazima tukumbushe khabari ya udhu. Kila kitu chenye mwili kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi, kama rangi ya kucha na rangi nzito ya midomo na uso, hakina budi kuondolewa kabla ya kutawadha. Hina haizuii, kwa kuwa iliyobaki ni rangi tu. Na wanja nao, ijapokuwa kupaka ithmidi kumepokewa katika Sunna, tusidhani kuwa kila kichupa kinachouzwa kwa jina hilo ndiyo ithmidi yenyewe. Mara nyingi unga ulio ndani ni wa madini ya risasi, na risasi ni sumu, khasa kwa mtoto mchanga anayepakwa machoni.

Ama suali la pili, hapo ndipo penye msiba.

Mafuta yale, kila mtu anayajua. Wengine huyaita ya kung'arisha, wengine mkorogo, na kitendo chenyewe ni kujichubua. Huuzwa sokoni hapa Kangemi katika vikopo vidogo, mara nyingine havina hata karatasi ya kueleza kilichomo. Yaliyomo aghlabu ni mojawapo ya vitu vitatu, au vyote pamoja: zebaki, haidrokwinoni, na dawa za steroidi ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa wa ngozi na kwa muda mfupi. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake ya asili, na hiyo ndiyo nuru anayoiona mtu katika wiki mbili. Lakini zebaki haikai usoni. Hupenya ngozi ikaingia katika damu, ikakusanyika katika mafigo, na mwenye mimba humfikishia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huleta madoa ya rangi ya samawati na weusi, ambayo ni taabu sana kuyaondoa. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba hata mishipa ikaonekana, na jeraha likawa gumu kupona.

Wala hizi si khabari za nchi za mbali. Katika mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 60 wa mafigo, watu wazima, waliovimba mwili kwa sababu mafigo yao yalikuwa yakivujisha protini katika mkojo. Walipowauliza, zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia mafuta ya kujichubua yenye zebaki. Jambo hili lilijulikana katika mji huu zaidi ya nusu karne iliyopita! Idara ya KEBS inayosimamia ubora wa bidhaa za Kenya imezikataza bidhaa za namna hiyo. Mataifa nayo yaliafikiana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 yakaamua kuwa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Na vikopo bado viko sokoni.

Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, tusijitupe wenyewe katika maangamizo. Na katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, amezihesabu tafauti za lugha zetu na rangi zetu miongoni mwa ishara zake. Basi anayejichubua anaifuta ishara ya Mola wake usoni mwake, na anainunua sumu kwa fedha zake. Jawabu letu kwa dada yetu ni kwamba mafuta hayo ni haramu, ayatupe, na ikiwa amekwisha kuyatumia kwa muda aende hospitali apimwe mkojo wake, wala asione haya kumwambia daktari. Na ikiwa yalikuwa na dawa ya steroidi, kuyaacha kwake kuwe kwa uangalizi wa daktari, kwani ngozi iliyoizoea dawa hiyo huweza kuwaka na kuvimba ikinyimwa ghafula.

Na wewe mwenye kuuza, uliye Mwislamu! Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta kimelowa chini, naye mwenye kuuza amekigeuza kilicho kikavu juu. Akamwambia kuwa mwenye kutudanganya si katika sisi. Hicho kilikuwa chakula kilichonyeshewa na mvua tu. Sumu utaiita nini?

Lakini tukisema ukweli wote, lawama haimwishii muuzaji. Nani aliyewafundisha binti zetu kuwa uso mweupe ndio uso mzuri? Tunapokwenda kuposa, suali la kwanza la shangazi na makungwi wetu wa pwani ni lipi? Husema, “Ni mweupe?” kabla ya kuuliza kama anasali. Mtoto akizaliwa hutazamwa masikio, ili ijulikane atakuwa na rangi gani. Abu Dharri, naye ni sahaba mkubwa, alimtukana mtu kwa kumtajia mama yake, na Mtume akamwambia kuwa yeye ni mtu aliye bado na ujahili ndani yake. Sisi hatutukani, sisi twasifu weupe tu, na yule mwenye kusikia huenda akanunua kikopo.

Sasa suali la tatu, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo, nalo kwetu ndilo kubwa.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu Salman na Abu Dardai. Siku moja Salman alikwenda kumzuru ndugu yake, akamwona mkewe, Ummu Dardai, amevaa nguo za ovyo, hakujipamba. Akamwuliza ana nini. Akajibu kuwa nduguye Abu Dardai hana haja na dunia. Usiku ulipoingia Abu Dardai akataka kusimama kusali. Salman akamwambia alale. Akataka kusimama tena, akamwambia alale. Mpaka ilipokuwa mwisho wa usiku ndipo akamwambia ainuke, wakasali pamoja. Kisha akamweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipofika kwa Mtume, alisema kuwa Salman amesema kweli.

Tazameni, ndugu zetu. Salman aliona uso na mavazi ya mke, na hakumlaumu mke. Alimgeukia mume. Aliyatengeneza yaliyo ndani ya nyumba kwa kurudisha usingizi na haki mahali pake. Na Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akisema kuwa anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali.

Basi mume anayerudi kazini, akakaa kitako na simu yake mpaka saa sita za usiku, mkewe akiwa bado aosha vyombo, kisha asubuhi akamwambia, “Mbona mwenzangu umechakaa?”, huyo anadai tunda la mti alioukata mwenyewe. Hapana dhambi juu ya dada yetu. Mume ateke maji saa kumi za usiku, mke alale mpaka adhana ya alfajiri. Afanye hivyo mwezi mmoja, kisha autazame uso wa mkewe.

Tulipokuwa tukiandika maneno haya, mmoja wetu aliuliza darasa letu huisha saa ngapi. Huanza baada ya Isha na huendelea mpaka saa nne, mara nyingine saa nne na nusu, na akina mama hukaa nyuma ya pazia na watoto wamewalalia mapajani. Imepokewa pia kuwa Mtume alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha. Elimu ina ruhusa yake hapo, twajua. Lakini mwanamke aamkaye saa kumi hatukumfikiria. Kuanzia mwezi huu darasa la akina mama litakuwa siku ya Jumapili baada ya Alasiri, na waume watabaki nyumbani na watoto.