Shamba Lina Mwenyewe

Katika gemu nyingi za kuigiza, shujaa hasafiri peke yake. Huandamana na wenza, mchawi, askari au mwizi, na kila mmoja ana jambo linalomkosesha usingizi. Mchezaji akipenda, huiweka kando vita kuu na kwenda kulishughulikia jambo hilo. Hizo ndizo misheni za wenza, na wachezaji hubishana sana kuhusu ipi ni bora. Wengi huzipima kwa zawadi, ugumu wa pambano au machozi ya mwisho. Naamini vipimo hivyo havifiki kwenye kiini, kwa sababu kabla ya kuzipima hatuna budi kujiuliza: kumsaidia mwenzako ni kufanya nini hasa?

Swali hilo ni rahisi kulipita, na fasihi yetu yenyewe imewahi kulipita. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo yumo kifungoni. Mama yake anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada anaupeleka. Walinzi wanaudharau mkate wa pumba, tupa inafika, na shujaa anakata minyororo yake. Bila Saada hakuna ukombozi. Lakini Saada mwenyewe alitamani nini? Hatuambiwi. Anabeba mkate, kisha hadithi inaendelea na mwenye hadithi. Wenza wengi wa gemu ni akina Saada: wapo ili safari ya mtu mwingine ifike.

Mass Effect 2, iliyotolewa mwaka 2010 na BioWare ya Kanada, ilijaribu kurekebisha hilo kwa kumpa karibu kila mwenza misheni yake. Ukiikamilisha vyema, mwenza huwa mwaminifu kwako, na mwaminifu ana nafasi kubwa zaidi ya kutoka hai katika shambulio la mwisho. Hapo pana hatari. Uchungu wa rafiki unageuka bima ya safari yako. Unamsikiliza kwa kuwa utamhitaji.

Hata hivyo, gemu hiyohiyo ina kesi ya mwenza aitwaye Tali. Anashtakiwa uhaini mbele ya maamiri wa watu wake. Ushahidi wa kumwokoa unapatikana katika meli alimofia baba yake, lakini unamfichua baba kuwa ndiye mkosaji. Tali anakusihi usiutoe. Ukiutoa, anaachiliwa, na papo hapo unapoteza uaminifu wake. Umeshinda kesi ambayo hakukuomba uishinde kwa bei hiyo. Mchezaji aliyezoea kuhesabu ushindi hukasirika, lakini gemu imesema kweli: shida ilikuwa ya Tali, na bei ya kuitatua ilikuwa yake kuipanga.

Huku kwetu Kiriaini, kwenye miteremko ya Mathioya, jambo hili lina mfano wa jembe. Katika ngwatio ya Wagikuyu, watu hulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Mkifika, mwenye shamba ndiye anayeonyesha pa kuanzia: hapa mashimo ya mahindi, kule karibu na kijito paachwe kwa nduma. Hata kama wewe ungepanda viazi, jembe lako hufuata neno lake. Nguvu umeleta wewe, uamuzi umebaki kwake.

Lakini mwenye shamba akitaka kupanda sumu? Pingamizi hili ni zito, na Baldur's Gate 3, iliyotolewa na Larian ya Ubelgiji mwaka 2023, inalikabili kupitia mwenza aitwaye Astarion. Kwa takriban miaka 200 amekuwa mtumwa wa mnyonya damu Cazador. Sasa anataka kuchukua nafasi ya bwana wake katika tambiko linalodai roho 7,000. Ukimpa mkono, unamsaidia kuwa yule aliyemtesa. Ukimsihi akakusikia, anamuua Cazador kwa kisu chake mwenyewe, kisha anaangua kilio. Kwa hiyo, kusaidia si kutii. Rafiki ana haki ya kusema hapana na kuliweka jembe chini. Haki asiyokuwa nayo ni kulima shamba la mwenzake kama lake.

Mfano bora zaidi umo katika gemu hiyohiyo. Shadowheart, aliyelelewa katika ibada ya mungu wa giza, anasimama na mkuki, akitakiwa kumuua mfungwa aliye mbele yake. Mchezaji anaweza kuingilia. Lakini ikiwa safari nzima amejenga imani naye, anaweza kunyamaza na kumwachia aamue, na Shadowheart anautupa mkuki shimoni. Ukimya huo una maana kwa sababu umetanguliwa na mazungumzo mengi. Mtu asiyewahi kumsikiliza mwenzake akinyamaza saa hiyo, huo ni utelekezaji.

Basi kipimo changu ni hiki: misheni ya mwenza ni njema ikiwa mwenza anatoka humo akiwa na uwezo zaidi wa kuyaamua maisha yake, hata kama shujaa hakuambulia kitu. Vijana wa Afrika Mashariki wanaoandika gemu leo wakikifuata kipimo hicho, watatupa wenza wenye matakwa yao, wanaoweza hata kutukatalia. Nasi tutakuwa tumefanya mazoezi ya jambo gumu tunalodaiwa kila siku na ndugu, wake, waume na marafiki zetu: kumfaa mtu bila kummiliki.